Manung'uniko madogo kutoka Montréal

Muji wa Montréal, kule Kanada, uko juu ya kisiwa katikati ya muto mukubwa wa Saint-Laurent. Watu wake wengi wanasema Kifaransa, kwa hiyo Mukongo hapotei pale. Ukikosa njia unauliza, nao wanakujibu kwa upole, ijapokuwa Kifaransa chao kinapitia puani na siku za kwanza unasikia nusu tu. Treni yao ya chini ya udongo, wanayoiita metro, inatembea juu ya mipira kama motokari, si juu ya chuma kama treni yetu ya Sakania. Ilifunguliwa mwaka 1966.

Sisi watoto wa migodi tunajua jambo moja: mwenye kuchimba lazima atafute mahali pa kutupa mawe. Hapa kwetu mabaki yalifanya teril, ule mulima mweusi wa Lubumbashi ambao kila mugeni anaupiga picha. Wale wa Montréal walikuwa na akili nyingine. Mawe na udongo wa metro waliyamwanga mutoni. Walikipanua kisiwa cha Sainte-Hélène, na kando yake wakatengeneza kisiwa kingine kipya, Notre-Dame, ambacho mbele ya pale hakikuwako kamwe. Mwaka 1967 wakafanya huko maonyesho makubwa ya dunia. Mupaka leo unaona pale nyumba ya mviringo kama mupira, yenye mifupa ya chuma tupu. Ilikuwa nyumba ya Marekani kwa maonyesho yale. Ngozi yake ya plastiki iliungua yote kwa moto mwaka 1976, mifupa ikabaki, na tangu 1995 ni makumbusho ya mazingira. Visiwa vyote viwili vinaitwa parc Jean-Drapeau, kwa jina la meya wa zamani wa muji.

Juu ya kisiwa cha Sainte-Hélène kuna pisini kubwa za nje, zilizotengenezwa upya kwa mashindano ya dunia ya mwaka 2005. Na ni pale, kuanzia mwisho wa mwezi wa 7 mwaka 2014, palipofanyika mashindano ya dunia ya kuogelea ya watu wazima, wanayoyaita «masters». Mimi nilikuwa ndani. Si kwa kutazama: ndani ya maji.

Padri mwenye kutunza gazeti hili ameniomba mara tatu niandike habari ya safari ile. Alitaka mambo ya kujenga familia. Nitajaribu, lakini aniache kwanza ninung'unike kidogo, sababu nimekaa na manung'uniko haya zaidi ya miaka kumi na hapa nyumbani hakuna tena mwenye kuyasikiliza.

Masters ni nini? Ni mashindano ya kila mutu mwenye miaka 25 na zaidi. Hamupigani wote pamoja; munagawanywa kwa miaka mitano mitano: 25 mpaka 29, 30 mpaka 34, na kuendelea hivyo mpaka watu wa miaka 90 na kupita. Mara ya kwanza yalifanyika Tokyo mwaka 1986. Hata Afrika yamekwisha kuja, Casablanca, mwaka 1998. Si lazima uwe bingwa. Lazima uwe na klabu, uwe na afya, na uwe na moyo wa kuvua nguo mbele ya watu katika umri ambao wengine wanatafuta kiti.

Mimi nilijifunza kuogelea Likasi nikiwa mutoto, katika pisini ya kampuni ambamo tata yangu alikuwa fundi wa umeme. Kiisha nikawa mwalimu, nikazaa, nikasahau. Mwaka 2013 binti yangu, aliyeolewa kule Montréal, alijifungua, nikaenda kumusaidia, nikakaa mwaka na zaidi. Kila asubuhi alikuwa akinisukuma nitoke nyumbani: «Mama, utaoza humu, enda pisini ya mutaa, ni bure kwa bazee.» Nikaenda. Palikuwa na klabu ya wazee. Wakaniona ninaogelea mutindo wa chura, kichwa juu, kama tulivyofundishwa zamani. Mwaka haujaisha wakaniandikisha kwa mashindano ya dunia.

Sasa manung'uniko.

La kwanza ni la umri. Mimi nimezaliwa mwezi wa 11 mwaka 1959. Kwa hiyo mwezi wa 8 mwaka 2014 nilikuwa na miaka 54, mutu asiniongezee hata siku. Lakini sheria ya masters inahesabu umri utakaokuwa nao tarehe 31 ya mwezi wa 12. Wakaniandika 55, kundi la 55 mpaka 59. Nikamuambia binti yangu: «Hawa banajuwaje kama nitafika mwezi wa 12?» Akanijibu: «Mama, furahi. Mu kundi ile weye njo mutoto.» Ni kweli, katika masters kuzeeka ni faida: ukiingia kundi jipya wewe ndiye mudogo wao, na mukiwa mwisho wa kundi, mwenye miaka 59, munafukuzwa na vijana wa 55. Nilipata kuona wanawake wakifurahia kutimiza miaka 60 kama watu wanaopata mushahara. Mimi bado inaniuma ule mwezi mitatu walionikopa.

La pili ni mayo. Tangu mwaka 2010 sheria imekataza yale mayo ya mupira yaliyofunika mwili wote. Sasa lazima iwe kitambaa, na kwa wanawake isifike shingoni, isipite mabega, isishuke chini ya magoti. Basi, inaruhusiwa kufika magotini, na kwa mama mukristu ile ni habari njema. Habari mbaya ni ginsi ya kuivaa. Mayo ya mashindano imebana hivi kwamba mama wa klabu yangu, mwenye miaka 61, alinivuta kushoto, mwingine akanivuta kuume, dakika ishirini nzima, jasho linatutoka kabla hatujaona maji. Nilitoka pale ninapumua kama samaki ndani ya kikapu. Juu yake nilifunga kikwembe changu, na sikukiacha mupaka kwenye ubao wa kurukia. Watu walipiga picha. Lakini kikwembe kile kilinisaidia kuliko vitu vyote nilivyonunua kule: kilikuwa nguo, mwavuli, taulo, na zulia la miguu.

Sababu jua! Mutu akisikia Kanada anafikiri teluji. Mwezi wa 8 Montréal linachoma kabisa, na pisini ile haina paa. Sementi inaunguza nyayo, na unasimama miguu mitupu. Wale wa kuogelea chali ndio nilisikitikia zaidi. Ndani ya nyumba mutu wa chali anafuata mustari wa dari. Nje hana dari, ana mawingu, na mawingu yanatembea. Nilimuona tata mumoja akienda kushoto mupaka kamba, akarudi kuume mupaka kamba nyingine, kama mulevi akirudi nyumbani, na alipofika alilaumu mawingu. Nilimuunga mukono.

Kabla ya kushindana lazima upashe mwili moto katika pisini ya pembeni. Pale hakuna kuruka kichwa. Unaingia miguu kwanza, polepole, kama mutu anayeingia kitandani mutoto akiwa amelala. Ni vizuri, sababu mule ndani watu ni wengi kama soko siku ya mwisho wa mwezi. Warusi, Wabrazili, Wajapani, Waitalia, kila mumoja na mukono wake na muguu wake. Nilipigwa teke la tumbo na muzee wa miaka 80 hivi. Aligeuka, akasema neno kwa lugha yake. Sijui kama aliomba radhi ao alinilaumu. Akaendelea.

Halafu kungoja. Wanaanza na wazee kabisa, wanashuka kidogo kidogo kuelekea vijana, na katika kila kundi wale wa polepole wanatangulia. Mimi nilifika saa moja ya asubuhi. Nilingoja wa miaka 90, wa 80, wa 70, wa 60. Nilikula mukate wangu wa asubuhi, nikala wa saa sita, nikanunua mwingine kwa bei ambayo Likasi ningepata nayo kuku muzima na mchele. Rozari nilisali mara mbili. Niliitwa saa nane na dakika kumi. Na kazi yenyewe, metre 50 za mutindo wa chura, iliisha kwa sekunde 57. Binti yangu aliyekuwa amebeba mutoto juani tangu asubuhi alikuwa ameinama kumubadilisha kitambaa. Alipoinua kichwa nilikuwa nimefika. «Mama, kumbe ulishaanza?»

Neno la kuanzia linasemwa kwa Kiingereza, hata katika muji ule wa Kifaransa. Ni sheria ya dunia nzima. Firimbi ndefu, unapanda ubao. Neno la Kiingereza, unainama, unakaa kimya kama jiwe. Mulio, unaruka. Ukitikisika kabla ya mulio unaondolewa, hakuna nafasi ya pili. Mama mumoja karibu yangu, aliyesafiri kutoka mbali kuliko mimi, alianguka majini mbele ya mulio, labda ni muguu uliteleza. Wakamutoa. Nyumba, ndege, hoteli, mazoezi ya mwaka, yote yaliishia pale. Alitoka kwa ngazi, akakausha malineti yake, akakaa kutupigia makofi. Yeye hakunung'unika, na kusema kweli ile ilinichukiza kidogo, sababu ilinifanya nione haya ya manung'uniko yangu.

Na ile pisini haina upande wa watoto. Ile ya Likasi ilikuwa na upande wa kusimama. Ukichoka unasimama, unajifanya unapanga nywele. Hii ni maji marefu kutoka mwanzo mupaka mwisho, na ya baridi: sheria inataka digrii 25 mpaka 28. Ukichoka katikati hakuna nywele za kupanga.

Mwisho, karatasi za matokeo zinabandikwa ukutani, herufi ndogo kama za Biblia ya mufukoni. Jiwazieni: watu mia mbili wa miaka zaidi ya 50, wote wameacha malineti yao ya kusomea ndani ya mufuko, wamesimama mbele ya karatasi moja, kila mumoja anauliza mwenzake: «Nisomee, tafazali.» Mwenzake naye hasomi. Tulisomewa na mutoto wa miaka tisa, mujukuu wa mutu, ambaye kufika saa kumi alikuwa amechoka na alianza kuuliza peremende kwa kila jina.

Lakini nisiseme manung'uniko tu, Padri atakata. Kesho yake tulikuwa na mashindano ya kupokezana, watu wanne, wanaume wawili na wanawake wawili, kila mumoja metre 50. Pale hawahesabu umri wa mumoja mumoja, wanajumlisha wote. Sisi: 70, 55, 61, 68. Jumla 254, kundi la 240 mpaka 279. Yule wa miaka 70 alianza na chali, mimi chura, mama wa 61 akachukua kipepeo. Kipepeo ni mutindo wa kuua mutu, mikono yote miwili inaruka juu ya maji pamoja. Lakini masters wanaruhusu upige kipepeo kwa mikono na chura kwa miguu. Ni huruma ya sheria, nami ninaisifu. Hatukushinda kitu. Nilipogusa ukuta na kumuona yule mama akiruka juu ya kichwa changu, nilipiga kelele za shangwe kama mwenye kuoza binti, na watu wa jukwaa zima wakageuka kutazama. Mambo kama yale hayaendeshwi na mutu kijana. Mwaka uliofuata, 2015, Mieko Nagaoka, nkambo mumoja wa Japani mwenye miaka 100, aliogelea metre 1.500 bila kutoka, chali mwanzo mupaka mwisho, kwa saa 1 na dakika 15 na zaidi. Alikuwa wa kwanza mwenye miaka 100 kumaliza umbali ule. Alianza kuogelea karibu na miaka 80, kwa ajili ya goti lililomuuma.

Habari ya magoti inanipeleka Oratoire Saint-Joseph. Siku iliyofuata binti yangu alisema twende kushukuru. Ni kanisa kubwa juu ya mulima wa muji, na mbele yake kuna ngazi 283. Kati ya hizo, 99 za mbao zimewekwa kwa mahujaji wenye kupanda kwa magoti. Mutindo wa chura unaharibu magoti kuliko mutindo mwingine wowote, muulizeni munganga. Nilizitazama zile 99. Nilipanda 12, nikazunguka, nikapanda zile nyingine za miguu, na Mutakatifu Yosefu, mutu wa kazi, nadhani alielewa. Mahali pale palianzishwa na Frère André, aliyekuwa mutu wa afya mbaya, asiyesoma sana, ambaye kazi yake kwa miaka karibu 40 ilikuwa kufungua mulango wa koleji iliyo ng'ambo ya barabara. Wagonjwa walikuwa wakimufuata pale mulangoni. Alikufa mwaka 1937, na Papa Benedikto wa 16 alimutangaza mutakatifu tarehe 17 ya mwezi wa 10 mwaka 2010. Ndani ya kanisa kuta zimejaa magongo ya watu walioponyeshwa, yamepangwa kama kuni. Nilikaa mbele ya magongo yale muda murefu kuliko nilivyokaa mbele ya mashindano.

Tukarudi kwa kupitia uwanja wa michezo ya Olimpiki ya mwaka 1976, wenye munara ulioinama. Zaïre haikuwako mwaka ule, na nchi nyingine za Afrika zaidi ya 20 zilisusa kwa ajili ya Nouvelle-Zélande, ambayo timu yake ya rugby ilikwenda kucheza Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Deni la uwanja lilimalizika kulipwa mwaka 2006. Miaka 30! Chini ya munara ule kuna pisini nyingine tena, ya ndani, yenye maji, yenye watoto wa shule wanaopiga kelele. Nilihesabu pisini nilizoziona katika muji ule, nikaacha kuhesabu.

Na hapa ninafika kwa nung'uniko moja ambalo si dogo.

Siku zote zile, kila mutu aliyenisalimu na kusikia kwamba ninatoka Kongo alisema jina moja: Moussambani. Wanacheka kidogo, kwa upendo, wanasema: «Ah, Afrika, kama Éric Moussambani!» Vijana hamumujui. Ni mutu wa Guinée-Équatoriale. Mwaka 2000, kwenye Olimpiki ya Sydney, alipangwa kuogelea metre 100 pamoja na watu wawili. Wale wawili waliruka mbele ya mulio, wakaondolewa. Akabaki peke yake katika pisini nzima, dunia inatazama. Alikuwa amejifunza miezi michache tu, katika pisini fupi ya hoteli, na pisini ya metre 50 hakuwa ameiona mbele ya kufika Sydney. Sehemu ya mwisho nusura azame. Alimaliza kwa dakika 1 na sekunde 52. Watu walisimama kumushangilia. Baadaye akawa mwalimu wa timu ya nchi yake. Mimi ninamuheshimu sana.

Lakini nilitaka kuwaambia wale wazee wa Montréal: sisi hatukuwa hivyo! Sisi wa migodi tulikuwa na pisini. Katika miaka ya 60 na 70, mutoto wa mufanyakazi wa Likasi, wa Kolwezi, wa Lubumbashi, aliweza kufundishwa kuogelea sawa na alivyofundishwa kuandika. Alhamisi mchana tulikwenda kwa mustari, mwalimu mbele na firimbi. Mutu asiyevuka upana wa pisini hakupewa karatasi yake. Tulinung'unika wakati ule pia, maji yalikuwa na dawa ya kuchoma macho.

Sikuwaambia, sababu wangeuliza: na sasa? Nilirudi Likasi mwaka 2015, nikaenda kutazama. Majani yameota katika mipasuko ya sementi. Upande wa maji marefu kulikuwa na maji ya mvua, mapana kama meza, na vyura wakiogelea mutindo wao vizuri kunishinda. Bomba zimetolewa. Mutu mumoja alikuwa amepanda mihogo mahali palipokuwa bafu za wanawake, na ilikuwa mihogo mizuri.

Basi watoto wetu wanaogelea wapi? Wazazi munajua. Kuanzia mwezi wa 11 mvua inapojaza mashimo ya wachimbaji, wanaenda kule. Shimo la mugodi si muto na si ziwa. Muto una ukingo unaoshuka polepole. Shimo lina ukuta. Hatua moja uko juu ya udongo, hatua ya pili hakuna kitu chini. Maji ya juu yana moto wa jua, ya chini ni baridi ya kukamata misuli. Ukuta ni udongo wenye utelezi, mutoto akishika unamomonyoka katika mukono. Na wenzake wanaruka kumufuata, mumoja mumoja, kwa upendo, bila kujua. Mwaka 2016 mutaa wetu tulizika wawili siku moja. Mukubwa alikuwa na miaka 12. Nilimufundisha kusoma katika darasa la kwanza. Katika miaka yangu yote ya ualimu nilimufundisha mutoto yule silabi, hesabu na katekismu, na maji hapana.

Shirika la Afya la Dunia lilisema katika ripoti ya mwaka 2024 kwamba mwaka 2021 watu karibu 300.000 walikufa maji, na zaidi ya 9 kati ya 10 walikuwa katika nchi zisizo tajiri. Linashauri watoto wa umri wa shule wafundishwe mambo matatu: kuogelea kwa kuanzia, kujikinga na maji, na kuokoa mwenzao bila kufa naye. Hakuna hata moja linalohitaji mayo ya bei.

Kwa hiyo kila Jumamosi, saa moja mupaka saa mbili ya asubuhi, mwenye hoteli moja ya muji anatuachia pisini yake mbele ya wateja kuamuka. Ni fupi, metre 12, lakini Moussambani naye alianzia hotelini. Tunachukua watoto wa miaka 8 mupaka 14, kumi na wawili kwa mara moja, si zaidi, sababu macho yangu ni mawili. Siku za kwanza hakuna kuogelea. Mutoto anaweka uso majini na kupuliza. Kiisha analala chali juu ya maji, masikio ndani, tumbo juu, anahesabu mupaka 60 bila kushikwa. Wengi wanalia siku ile. Mwenye kuweza kulala chali anaweza kungoja musaada, na mwenye kungoja hafi haraka. Kiisha tunafundisha bidoni: bidoni tupu ya litre 20, kifuniko kimefungwa, kamba kwenye mukono wake. Mwenzako akianguka shimoni, hauruki. Unalala tumbo kwenye udongo, unatupa bidoni, unavuta, huku mwingine anakimbia kuita watu wakubwa. Tunafanya hivyo mara kumi, mara ishirini, mupaka mikono inajua peke yake. Wavulana wanataka kuruka, kila mara. Njo kazi kubwa kuwazuia.

Wazazi wanaotaka kuandikisha mutoto wapite kwa sekretaria ya parokia kiisha misa ya pili. Mutoto aje na nguo ya kubadilisha na kitu cha kula, sababu maji yanaleta njaa. Kaptula inafaa, na wasichana waje na kikwembe. Bidoni tunazo.